Wenye Bwawa Wapande Jukwaani

Sokoni palikuwa hapapitiki. Mtafiti wa mimea, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, aligongwa sikio na mkeka uliokunjwa begani mwa binti mwenye gauni la njano.

"Pole, kaka. Sikio bado lipo?"

"Lipo, ila sasa linasikia sauti yako tu."

Binti akacheka. "Maneno hayo unanunua kwa jumla?"

Alikuwa msusi wa mikeka. Yeye na mama yake waliishi pembeni mwa mji, kando ya bwawa la mafunjo ambalo halmashauri ilitaka kulifukia ijenge maghala. Mtafiti alikuwa akilichunguza bwawa hilohilo, basi akawa anashinda huko, tope magotini. Wasusi hawasimulii habari za bwawa wakiwa wamekaa. Husimulia wakikata mafunjo, na anayetaka kusikia sharti naye akate. Akajua chemchemi zilipo, na mafunjo yasiyoguswa kwa kuwa ndege hutaga humo. Akajua pia kumwita binti "asali wangu" bila kigugumizi.

Kisha tangazo la kikao cha halmashauri likabandikwa mjini. Msemaji: mtafiti, peke yake. Simu yake ikaita.

"Wasusi wako wapi humo?"

"Mpenzi, nitawasemea vizuri."

"Kwani mama yangu bubu?"

"Sikuwa na maana hiyo..."

"Umejifunza kwake, umekula kwake, leo unamwacha nje ya mlango! Usinipigie tena."

Alipiga. Haikupokelewa. Akafunga safari hadi bwawani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamtafuta binti au unatutafuta sisi?"

"Ninyi kwanza. Utafiti huu ni wetu sote. Twendeni tukauseme pamoja."

Mama akamtupia mundu. "Basi kata, tupange."

Siku ya kikao, wasusi waliingia ukumbini wamejifunga vilemba vyekundu, vichwa juu. "Hawa ni watafiti wenzangu," akasema mtafiti, akampa mama kipaza sauti. Mama akaonyesha chemchemi kwenye ramani waliyoichora pamoja. Mtafiti akaonyesha vipimo vya maji.

"Kwa hiyo tukilifukia, visima vya mji vinakauka?" diwani akauliza.

"Vyote, mwanangu. Na cha kwako."

Mikono yote ikainuka: bwawa libaki! Vigelegele vikatikisa mabati.

Binti akajipenyeza hadi jukwaani, gauni la njano likiwaka. "Bado nimekasirika."

"Najua, asali wangu. Mama ameniruhusu nikuoe."

"Mama! Na mimi nimeulizwa na nani?"

Mtafiti akapiga goti palepale. "Nakuuliza wewe, mbele ya wenye bwawa wote. Utakubali?"

Binti akachukua kipaza sauti mkononi mwa mama.

"Nimekubali!"

Hata waliokuwa barabarani walisikia.