Machozi ya Jicho Moja

Kila asubuhi kabla ya shule, Gladys alikata majani ya ng'ombe, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akavaa lenzi yake. Ilikuwa lenzi moja tu, laini, ya kubandika juu ya jicho la kushoto. Jicho hilo halikuona vizuri tangu utotoni, lakini la kulia lilikuwa zima, na kila alipovaa miwani alishikwa na kizunguzungu. Ndipo Bi Indira, mtaalamu wa macho mjini Moshi, akampa lenzi pamoja na masharti yake: aivue kila jioni, aisafishe kwa dawa yake na si kwa maji, na jicho likiuma aivue mara moja, kisha aseme.

Gladys alikuwa darasa la sita. Aliishi Uru na bibi yake, Bibi Martha. Kwaresima ilipoanza, Bibi alimwambia achague kitu cha kujinyima, naye akachagua sukari kwenye chai.

"Na usitangaze," Bibi alisema. "Mfungo ni kati yako na Mungu."

Jioni moja, baada ya rozari, usingizi ulimzidi Gladys akalala na lenzi. Asubuhi hakuona ubaya wowote, kwa hiyo usiku uliofuata hakujisumbua kuivua. Uvivu ni mtamu. Akaendelea hivyo wiki nzima.

Kisha jicho likaanza kukwaruza kama limeingia mchanga. Mwanga wa jua ukawa unamchoma. Mtoto mwingine angesema, lakini Gladys alipata wazo aliloliona takatifu. Chai isiyo na sukari alikuwa ameshaizoea. Basi maumivu haya ndiyo yatakuwa mfungo wake wa kweli, na kwa kuwa mfungo hautangazwi, hatamwambia mtu. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakupenda kuifikiria: akisema, ingebidi aeleze alivyokuwa akilala na lenzi.

Ijumaa waumini walifanya Njia ya Msalaba nje ya kanisa, watoto wakipokezana kusoma. Gladys alisoma kituo cha sita, Veronika anapompangusa Yesu uso. Alipokuwa akisoma, machozi yalimtiririka mfululizo. Akina mama walinong'onezana kwamba mtoto huyu ana moyo wa ibada. Bibi Martha, ambaye si mtu wa kujisifu, siku hiyo alisimama wima zaidi kidogo kuliko kawaida.

Tito, mwanafunzi mwenzake, alisoma kituo cha saba. Yeye alikuwa amesimama karibu zaidi.

"Mbona unalia jicho moja?" alimwuliza walipomaliza.

"Nyamaza. Ni mfungo wangu."

"Mfungo gani mwekundu hivyo? Usipomwambia Bibi, nitamwambia mimi."

Gladys alikasirika. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja ili amwonyeshe Tito kwamba la kushoto linaona. Msalaba uliokuwa hatua chache mbele yake ulionekana kama uko ndani ya ukungu. Hapo akaogopa kweli. Alimfuata Bibi mwenyewe, akamweleza yote, hata zile siku za kulala na lenzi.

"Nilitaka kumtolea Mungu," alimalizia kwa sauti ndogo.

Bibi alimwinua kidevu, akaliangalia lile jicho. "Ulichagua kuacha sukari. Nilikuambia uache na jicho?"

"Hapana, Bibi."

"Nawa mikono, uivue hiyo lenzi. Tunakwenda mjini sasa hivi."

Bi Indira aliitikia shikamoo ya Gladys, akamkalisha kwenye mashine na kulichunguza jicho.

"Una kidonda kidogo kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho," alisema. "Konea huhitaji hewa. Ukilala na lenzi unainyima hewa, na vijidudu vinapata pa kukaa. Kidonda hiki kitapona. Ungengoja wiki nyingine, labda nisingesema hivyo."

Alimpa dawa ya matone, akamkataza kufikicha jicho, akaitupa ile lenzi pamoja na kikasha chake. Hakuna lenzi, alisema, mpaka jicho lipone kabisa.

Ijumaa Kuu Gladys alisoma tena kituo cha sita, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mbona leo mjukuu wako hakulia?" jirani mmoja aliuliza.

"Namshukuru Mungu kwa hilo," Bibi Martha alijibu.

Siku ya Pasaka, Bibi alitia vijiko viwili vya sukari kwenye chai ya Gladys, akamsogezea kikombe.

"Sukari ulikuwa unaipenda, ukaiacha kwa hiari. Huo ni mfungo," alisema. "Maumivu yalikuja kukuonya, nawe ukayanyamazisha. Mwili ukikuambia kitu, sikiliza, kisha utuambie sisi wakubwa. Na kilichokufunga mdomo, Gladys, haikuwa ibada. Uliona aibu kusema kwamba umekosea."

Gladys aliinamia kikombe chake. Alijua ni kweli.

Wiki mbili baadaye alipewa lenzi mpya. Jioni hiyo, kabla Bibi hajaanza rozari, alinawa mikono na kuivua.