Sabini na Moja Nukta Nne

"Panda!"

"Fundi, ndiyo kwanza umeingia. Hata viatu hujavua."

"Nimesema panda kwenye mizani."

Fundi hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alitengeneza mizani, kazi inayotaka mkono mtulivu, na mtaa mzima pamoja na mumewe walimwita Fundi kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini leo aliwaacha wateja sokoni, akabeba jiwe lake la kupimia la kilo ishirini mpaka nyumbani, na hasira zake zilikuwa nzito kuliko jiwe.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Moyo wake ulipopungua nguvu akashindwa hata kupanda ngazi, na daktari akaagiza ajipime uzito kila asubuhi, maana maji yakianza kujaa mwilini mizani ndiyo ya kwanza kujua. Kila siku alimtumia mkewe namba. Leo Fundi alizirudia zote kwenye simu: 71.4. 71.4. 71.4.

"Siku kumi na tisa! Hata gunia la chumvi halikai uzito mmoja siku kumi na tisa." Akaweka jiwe juu ya mizani. Ishirini kamili. "Mizani haina kosa. Basi mwongo ni wewe. Panda."

Akapanda. 75.8.

Fundi akainama, akambonyeza kifundo cha mguu. Kidole kikaacha shimo.

"Kwa nini unanidanganya, mume wangu?"

"Namba ikibadilika unaleta chupa nyingine."

Chupa zenyewe zilijaa dirishani: vitamini D, mafuta ya samaki, na nyingine ambayo hata jina lake lilimshinda Fundi kutamka. Kila namba ilipopanda, au alipomkuta mumewe anatazama ukuta, kesho yake alipitia duka la dawa.

"Nanunua ili uchangamke! Hucheki, huongei, unakaa kama mgeni kwenye nyumba yako. Nifanye nini? Nikuchezee ngoma?"

"Daktari alishasema ni nini. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni. Huwapata wengi wenye moyo kama wangu, na ina tiba yake. Alitaka twende wote wawili. Karatasi iko chini ya chupa ile kubwa."

Fundi akaivuta. Tarehe ya miadi ilikuwa imepita zamani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza. Nilisema, mke wangu, nimechoka kuishi hivi. Ukanipa kidonge na maji."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka hata bilauri. Ilimuuma, na ilimuudhi pia, kwa sababu alikuwa bado anataka kukasirika.

"Na dawa za moyo?"

"Siku nyingine nameza. Siku nyingine naona za nini."

Fundi akapiga simu kliniki.

"Mlete sasa hivi," daktari alisema. "Hayo ni maji."

Huko kliniki, mgonjwa alipochomwa sindano ya kupunguza maji, Fundi alimwaga chupa zote mezani kwa daktari.

"Niambie ukweli. Zinasaidia au nimejipofusha?"

"Damu ikionyesha amepungukiwa vitamini, nitampa mwenyewe. Lakini kwa huzuni yake, sina ushahidi wa kutosha kwamba zitaiondoa. Anahitaji mshauri, na mtu wa kumsikiliza nyumbani."

"Namsikiliza!"

Mumewe akachukua chupa moja mezani, akamkabidhi.

"Haya," Fundi akasema. "Simsikilizi. Namhudumia."

Waliporudi nyumbani, mlangoni Fundi akamshika mkono.

"Nitumie namba ya kweli, hata ikiwa mbaya."

"Na yale yasiyopimwa na mizani?"

"Hayo uanze nayo."

Msidhani mambo yalinyooka. Wanaosema mapenzi huponya kila kitu, waulizeni kama wamewahi kuuguza. Walinuniana juu ya chumvi aliyokatazwa na daktari, wakazozana juu ya mshauri ambaye mchora mabango alimwita mzee wa maswali. Lakini alikwenda. Dawa za moyo akameza, na za sonona pia.

Mwezi wa pili wa matibabu, asubuhi, simu ya Fundi ikalia sokoni:

"Leo sitaki kuamka. Sijui kwa nini. 72.1, miguu haijavimba."

Alisoma mara mbili. Tangu mumewe augue, hakuwahi kupata ujumbe mzuri kama huo. Akaweka bisibisi chini.

"Fundi, na mizani yangu?" mteja akauliza.

"Itasubiri."

Akaandika: "Basi usiamke. Sogea ukutani unipe nafasi kitandani, nakuja."