Nusu Glasi ya Ijumaa

Alikuwa amefuata sabuni. Dada yake alimuuliza baadaye zaidi ya mara moja, na jibu halikubadilika, kwa sababu lilikuwa kweli: fundi lifti aliingia supamaketi kununua sabuni ya kufulia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, matoroli yakigongana na watoto wakililia peremende. Miguu ndiyo iliyompeleka kwingine. Alipozinduka alikuwa amesimama mbele ya rafu ya mvinyo, mikono mifukoni, akisoma lebo kama mtu anayesoma barua za mchumba wa zamani.

Tangu mwaka juzi hakuwa amegusa tone. Kabla ya hapo aligusa kila kilichomiminika. Alipoteza kazi, akapoteza mke, akalala kwenye kochi la dada yake mpaka kochi likashika umbo la mgongo wake. Dada ndiye aliyemuinua, kwa matusi na kwa uji. Sasa alikuwa na kazi tena, chumba chake mwenyewe, na nguo zilizonuka grisi tu. Alikuwa karibu kugeuka aende zake. Karibu sana.

"Kaka, samahani. Unavijua hivi vitu?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamke wa gauni la njano lililomkaa sawasawa kiunoni, viatu vya chini, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, bila shaka alisahau kuuvua kazini. Ameshika chupa mbili, moja kila mkono, anazipima kama anayechagua kuku.

"Inategemea," fundi akasema. "Unakunywa kiasi gani?"

"Nusu glasi. Nikizidisha nasinzia mezani. Ijumaa tu, nikishafunga kazi, na chakula changu."

"Na unaobaki?"

"Unakaa mpaka unachacha. Halafu naumwaga huku roho inaniuma."

Fundi akacheka bila kutaka. "Rudisha hizo zote mbili. Hiyo ya kizibo unalipia uzito wa chupa na picha ya farasi. Wewe unataka chupa ndogo, ya kifuniko cha kuzungusha. Ukishamimina, funga, weka friji. Hata mwekundu, weka friji. Na uwe wa mwaka wa karibuni, mvinyo wa bei hii haungojwi uzeeke. Halafu soma hapa nyuma, kilevi kiwe kidogo." Mkono wake ukashuka rafu ya chini, bila kutafuta, ukatoka na chupa. "Huu. Mwepesi, haukwaruzi koo, na asubuhi huamki na kichwa."

Alikuwa anaujua vizuri. Kuna wakati aliunywa asubuhi badala ya chai.

"Mbona unaniangalia hivyo?" mwanamke akauliza, nusu anatabasamu.

"Macho hayana pazia."

"Basi umefika kwa mwenyewe. Mimi nashona mapazia. Nikupimie?"

Wakacheka mpaka mama mmoja mwenye toroli akawaomba njia. "Nipe namba yako," mshona mapazia akasema. "Mvinyo ukiwa mbaya, nimtukane nani?"

Fundi alirudi nyumbani bila sabuni.

Mvinyo haukuwa mbaya. Simu zikaanza, kwanza za mvinyo, kisha za hali, kisha za kitu chochote.

"Bwana Lifti, umepanda au umeshuka?"

"Nimekwama katikati, nasubiri sauti yako."

"Mwongo mkubwa! Nasikia nyundo."

"Hiyo si nyundo, Pazia wangu. Ni moyo."

"Hebu niache mie. Mteja ananiangalia nacheka peke yangu." Lakini hakukata. Ijumaa iliyofuata akamwalika kwake.

Alimkuta amevaa khanga na blauzi nyeupe, nywele amezibana juu, chumba kinanukia vitunguu. Mapazia ya dirishani aliyashona mwenyewe, rangi ya majani, na chini yake kulikuwa na chungu cha ua lenye majani mapana. Mezani ameweka sahani mbili. Na glasi mbili.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lilikuwa jambo la sentensi moja tu. Alikuwa amefungua mdomo kabisa, mshona mapazia alipomimina na kusema, "Unajua nilikupendea nini? Uliniuliza nakunywa kiasi gani. Wengine wote walinijazia glasi tu, kila mtu na nia yake." Akakaa, akakunja miguu. "Marehemu baba alikuwa mlevi. Alituuzia mpaka vitanda. Niliapa, mlevi simtaki, hata aje na dhahabu mabegani. Lakini mtu anayejua mvinyo, akanywa kidogo kwa adabu zake, huyo ni mwingine kabisa. Sivyo?"

"Sivyo," fundi akasema, halafu akajirekebisha haraka, "ndivyo."

Mwanamke alipokwenda jikoni kuepua chungu, fundi akaiinua glasi. Harufu ikampanda puani na mate yakamjaa mdomoni kwa aibu ya kutisha. Akainama, akamwagia ua. Mwanamke aliporudi alikuta glasi tupu na mwanaume anayetokwa jasho.

"Umeshamaliza? Na ulivyo mwembamba! Nikuongeze?"

"Hapana, laazizi. Moja inanitosha."

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mapenzi yakanawiri, na fundi akawa anakonda. Dada yake alipiga simu kila Jumapili, na hakuwa mtu wa maneno ya kuzunguka.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Dada, nampenda. Akijua ataniacha."

"Na wewe unakaa na chupa meza moja kila wiki ili asikuache! Mdogo wangu, unacheza na moto na nguo zako ni za nailoni. Kochi langu nimeshalirekebisha, sitaki kukuona tena juu yake."

Alitaka kumwambia. Alifanya mazoezi ndani ya lifti, milango ikiwa imefungwa, akiangalia uso wake kwenye kioo: mpenzi, kuna jambo. Mlango ukifunguka, abiria wanaingia, maneno yanatoka.

Kisha siku moja mshona mapazia akasema, akicheka, "Sisimizi wamelihamia ua langu. Sijui wamefuata sukari gani humo." Fundi akacheka naye. Tangu siku hiyo akaanza kumwaga kwenye sinki, akijifanya anasuuza glasi.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Miti ya fundi iliteleza Jumapili moja mchana, siku ya kutambulishwa. Mjomba aliyemlea mshona mapazia baada ya baba kufariki alikuwa amekuja kumuona kijana. Alikuwa mzee wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama ubao, sauti yake inafika kwa majirani. Mshona mapazia alivaa gauni jipya la zambarau na hereni ndefu, akawa anapita nyuma ya kiti cha fundi akimgusa bega kila mara.

"Mjomba, huyu ndiye bingwa wangu wa mvinyo. Usiniangushe, mpenzi," akamnong'oneza. "Nimemsifia wiki nzima."

Mjomba akamimina kwa mkono wake mwenyewe, glasi ikajaa. "Haya, mwanangu. Onja utuambie sisi washamba tunakunywa nini."

Macho yote yakawa kwake. Fundi akainua glasi mpaka mdomoni. Harufu ikamwita kwa jina lake. Koo likafunguka lenyewe, na alijua, kwa hakika ileile anayoitambulia kamba ya lifti iliyochakaa, kwamba tone moja likipita halitapita peke yake.

"Ngoja ninawe mikono kwanza," akasema, akainuka, glasi mkononi.

Nani ananawa mikono na glasi? Mshona mapazia akamfuata jikoni na bakuli tupu la mchuzi. Akamkuta ameiinamisha glasi juu ya sinki, mvinyo wote unazunguka kuelekea tunduni.

"Unamwaga?"

Mwanamke akaangalia sinki, akaangalia glasi, halafu akageuka polepole kuelekea sebuleni, dirishani.

"Sisimizi," akasema. "Kumbe kila Ijumaa."

"Nisikilize..."

"Hujawahi kuunywa! Hata siku moja! Ulinichagulia wa rafu ya chini, ukanisifia, ukaniangalia nafurahi kama mtoto. Ndio wa watu kama mimi, sivyo? Wewe mwenyewe haukupiti kooni!"

"Si hivyo. Naapa si hivyo."

"Ni vipi, basi? Sema."

Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni, kitambaa cha mezani mkononi. Huyu ndiye aliyelipia vitanda vipya baada ya baba mlevi kuuza vya kwanza. Neno lilikuwa kwenye ulimi wa fundi, na lilikataa kutoka mbele ya shati lile jeupe. Ukimya wake mwanamke akausoma alivyoweza.

"Nenda," akasema, na hereni zikawa zinatikisika. "Nenda kanywe za bei yako."

Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa, kisha ukawa hauendi kabisa. Alipita mbele ya karakana yake ya ushonaji. Wakaonana kupitia kioo, vyerehani vikiunguruma, na mwanamke akainuka, akashusha pazia la maonyesho, kubwa, zito, la maua ya bluu. Fundi akabaki anayatazama yale maua mpaka mlinzi akamuuliza kama ana shida.

Chakula kilimshinda. Kazini akasahau spana juu ya paa la lifti, msimamizi akamtukana na akastahili. Dada akampigia: "Nenda kagonge mlango, useme." Akajibu, "Hanisikilizi." Dada akasema anakuja mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ulikuwa mbali mno.

Jioni ya siku hiyo, jua bado lipo, akaingia duka la kwanza aliloliona. Hakusoma lebo. Hakuuliza mwaka, wala kilevi, wala kifuniko. Anayetaka kuzama hachagui maji. Akabeba chupa mbili kubwa mpaka chumbani, akakaa sakafuni, akafungua ya kwanza, akanywa kwa mdomo wa chupa, na ikaingia kana kwamba haijawahi kuondoka. Hapo akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ovaroli lake, na katikati ya kilio akaikumbuka simu ya kampuni iliyokuwa mfukoni, ambayo namba yake mwanamke hakuijua.

"Mapazia hapa, nikusaidie nini?"

"Ni mimi. Usikate. Mimi ni mlevi."

Nyuma yake cherehani kilikuwa kinakwenda. Kikasimama.

"Nini?"

"Mlevi, Pazia. Kama baba yako. Nilikuwa nimeacha. Siku ile kwenye rafu sikuwa bingwa wa chochote, nilikuwa naomba nguvu za kuondoka pale, ukaja na utepe wako shingoni. Mvinyo wako haukuwa mbaya. Nilikuwa nautamani mpaka mifupa inauma. Ndio maana nikaumwaga. Nilitaka kukwambia, halafu ukaniambia kiapo chako, nikaogopa. Ni hivyo tu. Niliogopa."

Akasikia pumzi yake. Kisha, taratibu sana:

"Na sasa hivi? Umekunywa?"

Simu hainusi. Angeweza kusema hapana. Angesema hapana, angemwaga iliyobaki, angesukutua, na pengine angempata tena mwanamke wake kabla ya giza kuingia. Alimuona mbele ya macho yake akivuka mlango na gauni lake la njano.

"Ndiyo," akasema. "Nusu chupa. Na ya pili iko hapa pembeni."

Mshona mapazia akaanza kulia. "Mama alimuuliza baba swali hilo maisha yake yote," akasema. "Kila siku alimjibu hapana. Ananuka mpaka ukutani, na anajibu hapana." Akavuta makamasi. "Uko wapi? Chumbani? Usikate simu. Niambie chochote, hata matusi, ila usikate."

Alifika amevaa nguo za kazi, nyuzi zimemganda mikononi, simu bado iko sikioni ingawa walikuwa wanaonana. Hakumkumbatia. Alibaki mlangoni, akaitazama chupa iliyofunguliwa, akamtazama yeye.

"Usinitazame hivi nilivyo," fundi akasema.

"Nimekuja kukutazama. Na mimi nikwambie ukweli: sijui kama nakuweza. Naogopa sana."

"Basi nenda tu, mpenzi. Nitaelewa. Kweli nitaelewa."

"Nyamaza." Akakaa sakafuni, si karibu sana, akanyoosha mkono. "Dada yako. Nitafutie namba yake."

Fundi akaitafuta, akampa simu. Ikaita mara moja tu ikapokelewa, sauti ya dada ikilitaja jina la mdogo wake kwa hofu.

"Si yeye," mshona mapazia akasema. "Ni mimi, wifi yako."

Upande wa pili ukauliza kitu. Fundi akainua kichwa.

"Ndiyo, huyo huyo wa mapazia. Wifi, njoo leo. Amekunywa, na peke yangu simwezi."