Mlango Usiopakwa Chokaa

Mtaa mzima ulinuka chokaa. Tangu asubuhi watu walisimama juu ya viti na ndoo, wakipaka kuta za nje na za ndani, kwa sababu kesho yake mgeni kutoka wizarani alikuwa anakuja. Mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba kukagua, suruali yake imerukiwa na chokaa mpaka magotini.

"Mama fundi, pale kwenye kona bado panaonekana," alimwambia mama mmoja mshona nguo.

Kwenye kona palikuwa na mstari wa kahawia, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Uliachwa na mafuriko ya mwaka uliopita. Mama fundi alichovya brashi, akaufuta.

"Haya, umeridhika?"

"Sasa hapa hata posa naweza kuleta."

"Nani akupokee na suruali hiyo?"

Walicheka, kisha mwenyekiti akashusha sauti. "Sikilizeni. Mgeni akiuliza kuhusu msaada wa mafuriko, jibu ni moja. Ulifika, tunashukuru. Tukianza kulalamika, watasema hatuna shukrani, waifute hiyo bima ya maafa ya serikali."

"Kinywa changu nimekishona," alisema mama fundi.

"Na huyu?" Mwenyekiti alimtazama binti wa mama fundi, aliyekaa sakafuni akipinda upindo wa sketi.

"Huyu hasemi. Usiwe na wasiwasi naye."

Kweli hakuwa msemaji. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na shule aliiacha darasa la nne. Mtaani walimwita Chaki, kwa sababu kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa hakikumtoka mkononi. Mbele ya watu maneno yalimkwama kooni. Lakini mtu akipita tu mlangoni, Chaki alishajua kiuno chake bila kumzungushia futi. Mama yake alijivunia jambo hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Chumba chao kiliitwa chumba cha cherehani, lakini cherehani yenyewe haikuwapo. Kwenye meza palibaki matundu manne ya skrubu. Mama fundi aliyafunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Siku hizi walishona kwa mkono, na wateja wengi walikuwa wamehamia kwa mafundi wengine.

Kesho yake mgeni alikuja. Alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi, kwapani ana daftari. Mwenyekiti alimtambulisha kuwa ni mtathmini. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama mpango wa serikali wa bima ya maafa unafaa.

"Shikamoo," alisema Chaki, akiangalia miguu yake.

"Marahaba, mwanangu." Mgeni aliketi, akamgeukia mama fundi. "Baada ya mafuriko, msaada wa fedha uliwafikia?"

"Ulifika, tunashukuru."

"Ulifika lini?"

"Ulifika kwa wakati, tunashukuru."

Sindano ilimchoma Chaki kidoleni. Alikinyonya.

"Ila na mimi nikuulize," alisema mama fundi. "Hiyo bima ni kitu gani hasa? Sisi tunaisikia kwenye redio tu."

Mtathmini aliweka kalamu chini. "Wewe ni fundi. Sindano ikivunjika unafanyaje?"

"Nina nyingine kwenye kopo."

"Mkanda wa cherehani ukikatika?"

"Namwendea fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Tulishakubaliana, ananiazima wake."

"Na cherehani nzima ikipotea?"

Mama fundi alikunja upande wa kitambaa cha mezani, akaukunjua. "Hapo kopo halisaidii."

"Serikali nayo ni hivyo hivyo. Mafuriko madogo, inatumia akiba yake. Yakizidi kidogo, inachukua mkopo uliokubaliwa mapema, kabla ya shida. Yakiwa makubwa kupita uwezo wake, hapo inategemea bima. Kila mwaka inailipa kampuni ya bima. Mto ukipita ile alama nyekundu kwenye nguzo ya daraja, kampuni inailipa serikali, na serikali inawafikishia nyinyi."

"Na mwaka ambao mto haukupita alama?" aliuliza mwenyekiti. "Malipo yetu yanarudi?"

"Hayarudi. Mmelipia kinga. Ndiyo maana nimekuja. Fedha hizo zingeweza kujenga zahanati, kwa hiyo lazima tujue kama bima inasaidia kweli." Akamgeukia tena mama fundi. "Nguo ikishashonwa, kazi imeisha?"

"Wapi! Mteja anaivaa kwanza. Natazama inabana wapi."

"Akikudanganya kwamba haibani?"

"Ataondoka nayo hivyo hivyo, impasukie njiani."

"Basi mimi nimekuja kutazama bima inabana wapi. Nimeingia nyumba kumi na moja leo, wote wananiambia haibani. Na kuta zote nyeupe."

Mwenyekiti alikohoa. Chaki aliyatazama matundu ya meza, yalikuwa yanaonekana kidogo pale kitambaa kilipokunjwa. Mvua zilikuwa zimebakiza miezi mitatu. Yakija maji mengine, mama yake atauza nini?

Aliinuka. Maneno yalikuwa yamekwama kama kawaida, kwa hiyo akafanya alichoweza. Alifunga mlango.

Upande wa ndani wa mlango haukupakwa chokaa, maana ulikuwa wa mbao. Kuanzia usawa wa kifua kwenda juu ulikuwa umejaa mistari midogo ya chaki, imepangwa vizuri kama mishono. Kando ya mitatu kati yake palichorwa vitu: fagio, cherehani, simu.

"Hii ni nini, binti?" aliuliza mtathmini.

"Siku."

"Siku za nini?"

"Za kungoja." Chaki aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Kila asubuhi nilichora mmoja. Hapa penye fagio maji yalitoka ndani, siku ya nne. Hapa ni siku ya ishirini na tatu. Unga uliisha, mama akauza cherehani. Na hapa ni simu, ujumbe wa msaada ulipoingia. Siku ya arobaini na moja."

Mama fundi alikivuta kitambaa chote, matundu manne yakabaki wazi. "Niliibeba kichwani, huko nje maji yananifika kifuani," alisema taratibu. "Maji hayakuichukua. Kungoja ndiko kulikoichukua."

Mtathmini alifungua daftari. "Kampuni iliilipa serikali siku ya tisa."

Chaki alihesabu mpaka mstari wa tisa. Akatembeza kidole kutoka hapo, polepole, mpaka wa arobaini na moja. "Sasa huku kote fedha ilikuwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza swali mbele ya mgeni.

"Ilikuwa inangoja majina," alijibu mwenyekiti. "Orodha ya nyumba tulianza kuiandika baada ya maji kukauka. Na karatasi zangu zote zilikuwa zimelowa."

"Kwa nini hukuniambia tangu asubuhi?" mtathmini alimuuliza.

"Nilikuwa nimeshapaka chokaa, mama."

Mtathmini alitabasamu. "Mlidhani mkisema inabana, bima itafutwa. Fundi akikuta nguo inabana, anaitupa?"

"Anailegeza," alisema Chaki.

"Siwezi kuwaahidi kitu. Lakini nitaandika kwamba bima ililipa upesi, ila njia ya kuwafikia watu ndiyo inabana. Na mlango huu nitaupiga picha. Simama hapo karibu."

"Pigeni picha mlango tu," alisema Chaki, akarudi kwenye sketi yake.

Baada ya mwezi mmoja agizo lilifika kwa kila mwenyekiti: orodha iandikwe kabla ya mvua, na nakala yake ikae ofisi ya wilaya. Mwenyekiti alipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii na Chaki. Mwenyekiti aliandika majina na namba za simu. Chaki alishika futi, akipima kila nyumba iko juu kiasi gani kutoka barabarani, ili ijulikane maji yataanza kuingia wapi.

Mama fundi naye alipata kazi ya sare za shule. Alizishona usiku na mchana kwa cherehani ya kuazima, akanunua ya kwake, ya mtumba.

Mvua zilikuja, na mto ukapita alama nyekundu. Mama fundi aliibeba cherehani kichwani kama mwanzo. Chaki alianza safu mpya ya mistari.

Siku ya kumi na moja, simu za mtaa mzima zililia karibu kwa pamoja.

Siku ya kumi na mbili, mtu aliyeinunua ile cherehani ya kwanza alitokea na mkokoteni wake. "Mama fundi, naona shida imerudi. Hiyo cherehani nikupunguzie mzigo?"

"Umechelewa kwa siku moja," alisema mama fundi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mtathmini alirudi maji yalipokauka. Safari hii hakuna aliyepaka chokaa. Mistari ya kahawia ilibaki ukutani, wa zamani ukichungulia chini ya weupe na mpya juu yake. Watu walikuwa wamejaa chumbani, na mgeni akamgeukia mama fundi kumuuliza.

"Usiniulize mimi," alisema mama fundi, na kila mtu alisikia fahari iliyokuwa kwenye sauti yake. "Muulize mwanangu. Mwenye vipimo ni huyu."

Chaki aliinua uso. Akafunga mlango, akaanza kueleza kuanzia mstari wa kwanza.