Pumba Katika Sanduku la Hadubini

Luhaga, kibarua wa ghala, alikuwa amelala kifudifudi kati ya masanduku, kalamu mkononi, kisogo kimepasuka. Mtaimbo wa kufungulia masanduku ulikuwa umeegemezwa ukutani. Ulikuwa safi kuliko kitu chochote kingine ndani ya ghala lile.

"Nani amemkuta?" aliuliza Inspekta Shimba.

"Yule mama pale nje," alijibu Koplo Hellen. "Saa mbili kasoro asubuhi. Meneja anasema ndiye aliyemuua."

Ghala lilikuwa Kirumba, mjini Mwanza. Zamani lilikuwa la ushirika. Wakulima walileta pamba yao hapo na kupanga foleni. Sasa, mwaka 1996, ubao ulisema Fikishapo Usafirishaji. Lakini rangi ilikuwa ya bei rahisi, na herufi za ushirika bado zilichungulia chini yake. Mali ya watu wengi ilikuwa imegeuka ya mtu mmoja anayeishi Dar es Salaam, na wale walioijenga hakuna aliyewauliza.

Meneja Obedi alikuja mbio, shati jeupe, jasho usoni.

"Afande, mkamateni huyo! Jana saa kumi alisimama hapa hapa akapiga kelele, 'Mtu atanilipa!' Wateja wote walisikia."

"Alipwe nini?"

"Hadubini yake imevunjika. Mtumaji hakufungasha vizuri, sasa sisi tufanyeje? Nimemjibu kwa barua mara tatu. Mbishi kama nini!"

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya geti. Aliitwa Specioza Kokulinda, mzaliwa wa Bukoba. Alikuwa fundi wa maabara hospitalini kwa miaka ishirini na miwili, mpaka likaja lile neno la heshima, kupunguzwa. Kiinua mgongo chake chote kiliingia kwenye hadubini moja, ili awapime watu wa Mkolani malaria na kichocho katika chumba cha kupanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amekufa kweli?"

"Amekufa. Ulikuja kufanya nini asubuhi yote hii?"

"Aliniita. Jana nilipotoka alinifuata mpaka hapa getini. Akasema, 'Mama, njoo kesho mapema. Nitakuandikia jinsi ilivyokuwa.'"

"Jinsi nini kilivyokuwa?"

Specioza alimtazama. "Sasa nimuulize nani?"

Daktari alisema Luhaga alikufa jana yake jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Saa hizo Specioza alikuwa nyumbani, peke yake. Hakuwa na shahidi. Kabla ya adhuhuri alikuwa mahabusu, viatu vyake vimewekwa kaunta.

"Ana sababu, alitisha watu, na amekutwa na maiti," alisema mkuu wa upelelezi. "Unataka nini tena, Shimba?"

"Karatasi, afande. Mtu amekufa ameshika kalamu. Alichokuwa anaandika kiko wapi? Mama tumempekua, hana. Na yeye ndiye aliyeihitaji kuliko mtu yeyote. Aliyeichukua ni yule aliyeiogopa."

"Una siku mbili."

Shimba alirudi ghalani, akafungua sanduku la hadubini ambalo Specioza alilirudisha kama ushahidi wake. Shingo ya chombo ilikuwa imekatika, lenzi zimepasuka. Na sanduku lote lilikuwa limejaa pumba za mpunga.

Alizichota akaziachia zipite vidoleni. Kwao Misungwi, mama yake alipeleka mayai mnadani hivi hivi: tabaka la pumba, tabaka la mayai, na yai halivunjiki. Lakini hadubini ni chuma. Ukiitikisa ndani ya pumba, inazama polepole mpaka inagonga mbao.

Alipiga simu kwenye duka la vifaa Dar es Salaam.

"Pumba?" mwenye duka alifoka. "Kariakoo hapa nitazitoa wapi pumba? Sisi tuliifungia kwenye povu gumu jeupe, kama lile la televisheni mpya, limekatwa kwa umbo lake. Na jina la mteja nililiandika kwa mkono wangu."

Shimba aligeuza kifuniko. Kwenye gundi, chembe nyeupe zilikuwa zimenata.

Kwa hiyo sanduku lilifunguliwa Mwanza, kabla pikapu ya kampuni haijalipeleka Mkolani kwa ile barabara ya mashimo. Na nani Mwanza anahitaji povu jeupe? Mji mzima ulikuwa umepata kichaa cha sangara. Viwanda vilichukua minofu ikaenda Ulaya, wenyeji wakabakiziwa vichwa na mifupa. Kila mchuuzi alitaka sanduku lisiloyeyusha barafu.

Akaenda Mwaloni, kwenye soko la samaki.

"Ngosha!" mchuuzi mmoja, mwanamke mnene aitwaye Ng'washi, alimwita kama Wasukuma wamwitavyo mwanamume. "Umekuja kununua sangara au kula rushwa?"

Wenzake walicheka.

"Nimekuja kuona barafu yako. Mbona haiyeyuki?"

"Wivu huo. Njoo uone."

Aliondoa samaki. Sanduku lilikuwa limetandikwa vipande vya povu. Kimoja kilikuwa na tundu la ajabu: kitako kipana, na shingo iliyopinda kama mtu aliyeinamia kitabu.

"Tundu hili la nini?"

"Najua mimi? Naweka vichwa humo. Obedi wa Fikishapo ananiletea kila Jumamosi. Eti takataka za ghalani. Takataka gani inauzwa ghali hivyo!"

Saa tisa alasiri Obedi aliketi mbele ya meza ya Shimba. Kipande cha povu kilikuwa mezani, kinanuka samaki.

"Umewahi kukiona?"

"Mapovu yote yanafanana, afande."

Shimba alisimama. Aliinua hadubini iliyovunjika, akailaza katika lile tundu. Iliingia yote, kitako na shingo. Akakitikisa kipande kwa mikono miwili. Hadubini haikusogea. Kisha akakigeuza upande. Kwa wino wa buluu: S. Kokulinda, Mwanza.

"Ng'washi ametutajia Jumamosi zako," alisema Hellen.

Obedi alikisukuma kile kipande mbali naye.

"Mnajua mimi nilikuwa karani wa ushirika?" alisema. "Ghala lile lile. Ulipokufa nilikaa miaka miwili stendi nauza karanga. Wakulima niliokuwa nawapimia pamba wakipita, najificha. Nisingerudi kule. Nisingerudi!"

Shimba alimwonya kuwa maneno yake yangeandikwa. Obedi aliendelea tu.

"Luhaga hakuchukua kitu. Kila nilipotoa povu, yeye alijaza pumba. Alizileta kwa baiskeli kutoka kwao Bujora, gunia zima, bure! Aliamini zinatosha. Hadubini iliporudi vipande, akalia kama mtoto. Akasema yeye ndiye aliyeivunja, lazima aandike. Nikamwambia andika, lakini mimi usinitaje. Akasema hajui kuandika uongo."

"Karatasi iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Ilisemaje?"

"Alikuwa amefika mstari wa nne tu." Obedi alifunika uso. "Wa kwanza ulisema, 'Naomba mama alipwe.'"

Jioni ile Specioza alivaa viatu vyake. Shimba alikuwa ameshazungumza kwa simu na tajiri mwenye kampuni, kule Dar es Salaam. Tajiri alisikitika sana. Meneja alifanya uovu kwa nafsi yake, alisema, kampuni haihusiki. Na stakabadhi ilieleza wazi kwamba mzigo ni kwa hatari ya mwenyewe.

"Kwa hiyo nimebaki mimi na kuta za chumba tu," alisema Specioza.

Shimba alifungua faili lililotoka kwenye droo ya Obedi. Madai arobaini na moja, lake la mwisho. Yote yalikuwa na jibu moja: mtumaji hakufungasha vizuri.

"Hiki ni kielelezo cha polisi, mama. Raia haruhusiwi kukisoma. Mimi na Hellen tunakwenda kunywa chai."

"Chai yenu huwa ndefu?"

"Leo ndefu."

Waliporudi alikuwa amejaza kurasa mbili, majina na vijiji. Shimba alihesabu. Arobaini na mawili. La mwisho lilikuwa la mjane wa Luhaga, Bujora.

"Huyu hakuagiza mzigo wowote."

"Mumewe amekufa akiniombea nilipwe," alisema Specioza, akikunja karatasi. "Tukienda kwa huyo tajiri, yeye atatangulia."