Sumaku ya Chiriku

Kila jioni, mama akishafunika cherehani yake, kazi za nyumbani zilijulikana. Chapuchapu, binti mkubwa, aliosha vyombo. Chiriku, mdogo wake wa miaka sita, alipitisha sumaku sakafuni kuokota pini zilizoanguka mchana kutwa. Hapo ndipo kitinda mimba, aliyekuwa ameanza kutambaa, aliposhushwa kutoka mgongoni mwa mama.

Tatizo ni kwamba Chiriku alikuwa na mdomo mwepesi na mikono mizito. Kila pini aliisemesha kwanza. "Na wewe umejificha huku? Toka!"

"Lete hapa, utakesha!" Chapuchapu alimwambia, akamnyang'anya sumaku. Akaipitisha huku na huku, kazi kwisha. Mama alipouliza kutoka chumbani, Chiriku alijibu, "Tayari!" Ikawa ndiyo desturi yao. Naye Chiriku, nani asiyependa raha? Akazoea kukaa.

Siku moja Chapuchapu alichelewa shuleni kwa mazoezi ya netiboli. Mama alifunika cherehani, akauliza, "Chiriku, pini je?"

"Tayari!" Chiriku akajibu bila hata kuinua kichwa. Mama akamshusha mtoto, akaenda jikoni.

Chapuchapu alipoingia, alimkuta kitinda mimba chini ya meza ya kukatia vitambaa, kinywa wazi, pini ikiwa vidoleni. Alitupa mkoba, akamrukia, akamshika mkono.

"Mama! Pini!"

Mama alikuja mbio, akampokonya mtoto ile pini, akamkagua kinywani. Hakukuwa na kitu. Akaketi sakafuni.

"Chiriku, si uliniambia tayari?"

"Nilidhani dada amesharudi, ameokota," Chiriku akalia. "Huwa anaokota yeye."

Mama akamgeukia mkubwa.

"Nilikuwa namsaidia, mama," Chapuchapu akasema kwa aibu. "Mzito mno huyu, kobe ana nafuu."

"Ulipoanza kuosha vyombo, mwanangu, ulivunja vikombe karibu vyote. Niliumia, lakini nilikuacha uoshe. Na wewe Chiriku, usiseme tayari kwa kazi ambayo hujaifanya. Haya, shika sumaku."

Chiriku akapiga magoti, akaanza taratibu, akifuta machozi. Chapuchapu akashindwa kuvumilia, akanyoosha mkono.

"Acha!" mama akasema. "Ukimfanyia mtoto kazi yake kila siku, atajifunza jambo moja tu: kusema tayari."

Chapuchapu akarudisha mkono, akampakata kitinda mimba, akangoja.