Mpira wa Babu

Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu vya shule, Kasuku alikuwa akipiga kelele mlangoni: "Shikamoo, mzee kipara!"

Babu naye hakuwa mtu wa kulaza deni la maneno. "Marahaba, mke wangu usiyejua hata kuchemsha maji!"

Kisha Babu akapatwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka moja moja. Daktari alimpa mpira mdogo auminye mara mia kila siku. Akiacha, alisema, vidole vitakakamaa.

Alhamisi moja, wenzake Kasuku wawili wa darasani walikuja kufanya kazi ya nyumbani. Mwalimu alitaka maana ya neno "kejeli" na sentensi moja, kabla ya Jumatatu. Daftari halijafunguliwa, Kasuku akapindisha mdomo na kuminya chungwa. "Mo... ja. Mbi... li." Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu.

Dirisha la kibarazani, alikokaa Babu, lilikuwa wazi. Walisikia mpira ukidunda sakafuni, kisha ukabiringika.

Hadi Jumamosi Babu hakuwa ameugusa tena. Alikaa ameelekea ukutani.

"Mama, mbona Babu amenuna? Sisi si tunataniana siku zote?"

Mama alikuwa akimenya vitunguu. Hakuinua uso. "Juzi alikujibu nini?"

"Hakujibu."

"Basi. Vidole vile vikikakamaa, hatashika tena kijiko. Nenda ukatengeneze ulichoharibu."

Kasuku aliuokota mpira chini ya kiti, akauosha, akaketi kando ya Babu.

"Babu, nisamehe. Nilikuigiza mbele ya watu." Babu hakugeuka. "Sasa zamu yako. Nitanie. Nitangoja."

Akangoja. Midomo ya Babu ilicheza, ikakwama. Mara mbili Kasuku alitaka kummalizia neno, mara mbili akauma ulimi.

"Mke... wangu," Babu alisema hatimaye. "Leo... nakurudisha... kwenu."

"Kwetu si ni hapa hapa?"

Mabega ya Babu yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akanyoosha mkono. "Lete... mpira."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi, macho mekundu. Alisema ni vitunguu.

"Umeona? Utani ni kurushiana mpira," alisema. "Wewe unarusha, mwenzako anarudisha. Ukimrushia asiyeweza kurudisha, huo si mchezo tena, unampiga. Hiyo ndiyo kejeli. Kama maneno yake yanachelewa, mngoje. Sasa kaandike."

Kasuku aliandika sentensi yake palepale miguuni pa Babu: "Nilimkejeli babu yangu alipokuwa hawezi kunijibu." Aliisoma, akaona aibu, lakini hakuifuta.

Juu yake, polepole, Babu alikuwa akiminya mpira; alikuwa amefika arobaini na mbili.